Ekari Mbili za Mtumba: Shamba Lililouzwa Likawa Digrii

Kikao kilifanyika Jumamosi ya kwanza ya Agosti 2025, chini ya mwarobaini, nyumbani kwa mama mmoja upande wa Mtumba, kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji wa Dodoma. Niliitwa kwa sababu niliwafundisha watoto wake wawili wa kwanza katika sekondari ya kata, na mpaka leo familia nzima inaniita Ticha, hata bibi yao ambaye sikumfundisha chochote. Ajenda ilikuwa moja: binti wa mwisho amefaulu kidato cha sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), daraja la pili. Je, kiwanja kiuzwe asome?

Swali la namna hiyo si geni. Ugumu ulitokana na kwamba familia ilikuwa imeshauza ardhi mara moja kwa ajili ya shule, na matokeo ya mauzo yale yalikuwa yamekaa nasi pale kwenye kiti cha plastiki, ana miaka 33.

Nimebadilisha mambo madogo madogo ili watu wasitambulike, na nitawaita kwa kazi na nafasi zao. Mkubwa ni Mwalimu, ingawa hajawahi kuajiriwa kufundisha na serikali. Wa pili ni Fundi. Wa mwisho ni Kitinda. Kuna Mama, na kuna baba mdogo, ambaye tangu kaka yake afariki mwaka 2009 ndiye husimama upande wa ukoo.

Mwaka 2013

Marehemu aliacha ekari 4 za shamba la uwele na karanga. Wakati ule Mtumba ilikuwa porini tu. Makao makuu yalikwisha tangazwa kuhamia Dodoma tangu 1973, na miaka 40 ilikuwa imepita watu wakiona mabango na ramani, wizara zikiwa bado Dar es Salaam. Aliyekuwa na shamba huko alikuwa na shamba, basi.

Mwalimu alipochaguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma kusomea ualimu, masomo ya Historia na Kiswahili, bodi ya mikopo ilimpa sehemu kubwa ya gharama. Haikumpa zote. Mama aliuza ekari 2 kwa shilingi milioni 1.8. Pesa ile ililipa pengo la ada, kompyuta mpakato ya mtumba, godoro, na miezi miwili ya kula kabla fedha ya mkopo haijaingia. Nakumbuka nilimsifu. Nilimwambia, "Mama, shamba halikui, mtoto anakua." Maneno hayo aliyarudia kwenye kikao mbele yangu, bila hasira, kama mtu anayerudisha sufuria aliloazima.

Wakati huo ushauri wangu haukuwa wa kipuuzi. Mhitimu wa ualimu alikuwa akimaliza chuo anarudi kijijini kusubiri majina ya TAMISEMI, ofisi iliyokuwa ikiwapangia walimu vituo. Majina yalikuwa yanatoka. Ungeweza kupangiwa Kibondo au Nkasi ukalia, lakini ulikuwa unapangiwa. Ngazi ilikuwa na vipingili vyote: shule, chuo, tangazo, barua, mshahara.

Mwalimu alimaliza mwaka 2016. Katikati ya mwaka huo huo serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti vya kughushi. Na Julai ya mwaka huo huo Rais Magufuli akatangaza kwamba safari hii serikali inahamia Dodoma kweli. Ndani ya majuma machache digrii ya kijana ikashuka thamani na shamba walilouza kuinunua likapanda. Sijui kama kuna familia nyingine ilipigwa na matangazo mawili kwa mpigo namna ile, lakini naamini hawakuwa peke yao. Aprili 2019 Mji wa Serikali, eneo la ofisi za wizara, ukazinduliwa Mtumba. Ekari zile 2 leo zina nyumba zenye mageti ya umeme.

Hesabu iliyopigwa chini ya mwarobaini

Baba mdogo alikuja na hesabu yake tayari. Ekari 2 zilizobaki zilipopimwa, baada ya barabara kuchukua sehemu yake, zilitoa viwanja 8. Viwili viliuzwa kulipia upimaji, matibabu, na nyumba ya tofali anayokaa Mama, na kimoja alipewa Fundi. Kimoja kina nyumba hiyo. Vinne viko wazi, na mnunuzi amefika na milioni 9 kwa kimoja. Kwa bei hiyo, alisema, ekari 2 zilizouzwa mwaka 2013 zilikuwa milioni 72. "Tuliuza milioni 72 kwa milioni 1.8," akasema, "tukapata stesheneri."

Watu walicheka. Mwalimu naye alicheka, lakini alichelewa kidogo.

Hesabu ile ni sahihi kwa kujumlisha, lakini inapotosha. Hakuna aliyejua. Mtu ambaye angenunua mashamba ya Mtumba mwaka 1973 kwa kuamini tangazo angezeeka akiwa anafukuza kwale. Ardhi ya Dodoma ilitajirisha watu kwa sababu ya uamuzi mmoja wa kisiasa uliokuja baada ya miaka 43. Ukimsifu aliyekuwa nayo kwa akili, msifu na aliyeokota noti njiani. Mji wenyewe ulivimba: sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Dodoma na watu 410,956, na ile ya 2022 ikalikuta Jiji na zaidi ya 765,000. Hakuna mzazi anayeweza kupanga ada kwa kutegemea jambo kama hilo litokee tena shambani kwake.

Kilichonisumbua mimi ni kingine. Miaka 9 tangu kuhitimu ilikwenda wapi?

Mwalimu aliniandikia kwenye daftari, kwa mwandiko ule ule niliokuwa nausahihisha. Toka mwishoni mwa 2016 hadi 2018 alijitolea kwenye sekondari ya kata kwa posho ya 80,000 kwa mwezi, michango ya wazazi ikipatikana. Ajira ziliporudi kidogo kidogo mwaka 2017, walioitwa kwanza walikuwa walimu wa hisabati na sayansi. Historia na Kiswahili wakae pembeni. Kisha akapata shule binafsi kwa 280,000. Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na mwajiri akasitisha mishahara. Alipoitwa tena hakurudi. Alikopa akanunua mashine ya kuchapa na kutoa nakala, akafungua kibanda Ihumwa.

Kazi kubwa ya kibanda hicho ni kuwajazia wengine maombi. Maombi ya ajira kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, maombi ya vyuo, maombi ya mkopo, uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA. Anatoza 5,000 hadi 10,000. Kwa mwezi wa kawaida hubakiwa na laki tatu na nusu, na msimu wa mikopo huvuka laki sita. Anaishi kwa foleni ambayo yeye mwenyewe yumo ndani yake. Januari 2025 usaili wa walimu ulipofanyika, nafasi zilikuwa zaidi ya 14,000 na waombaji zaidi ya 200,000. Aliwajazia vijana wasiopungua 100, akajijazia na yeye. Alifaulu wa maandishi, akafaulu wa mahojiano, nafasi zikaisha kabla ya kumfikia. Jina lake likaingia kwenye kanzidata, orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi.

"Baba mdogo ananiuliza kanzidata ni mkoa gani," aliniambia.

Deni la mkopo nalo lilikuwa linakua huku hana mshahara wa kukatwa. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliongezwa kila mwaka hadi ilipoondolewa mwaka 2021. Siku akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara, ukiacha kodi, mfuko wa pensheni, bima ya afya na chama. Mshahara huo, ukifika mkononi, haupishani sana na msimu mzuri wa kibanda chake. Anautaka hata hivyo. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mshahara unakopesheka, kibanda hakikopesheki. Jibu hilo lilinifundisha uchumi kuliko semina nilizohudhuria.

Mtu wa tatu, ambaye hakuwepo

Baba mdogo alitaka tuhukumu digrii. Mimi nilitaka tumtazame kwanza kijana mmoja wa Area D, mtaa wa Dodoma mjini, ambaye Mwalimu alisoma naye ndaki moja, kozi moja, wakamaliza siku moja. Mwalimu alimaliza na GPA ya 3.8. Mwenzake 3.6. Baba yake yule alikuwa mtumishi wa serikali. Baada ya chuo alikaa nyumbani, akala nyumbani, akalala chumbani kwake. Mwaka 2019 akaanza kujitolea kwenye ofisi moja Mtumba, bila malipo, nauli ya kila siku ikitoka mfukoni kwa mzee. Miaka 2 alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Ikaja nafasi ya mkataba, wakamjua. Baadaye akaingia ajira ya kudumu.

Nafasi kama hiyo ilimpita Mwalimu. Aliambiwa aje ajitolee, akaenda siku 11. Siku ya 12 Mama aliumwa, na fedha ya nauli ikawa fedha ya dawa. Hakurudi.

Yule wa Area D alifanya bidii, simnyimi haki yake. Lakini hakumzidi mwenzake akili wala bidii. Alimzidi sebule. Alikuwa na mahali pa kusubiria, penye chakula, kwa muda wote ambao kusubiri kulihitaji.

Hapo ndipo naona kisa hiki kilipo. Watu wanabishana kama elimu bado inamtoa mtu chini kumpeleka juu, wengine wanasema ndiyo, wengine wanaonyesha bodaboda wenye digrii. Ngazi ipo. Ila kati ya kipingili cha cheti na kipingili cha kazi kumeondolewa vipingili vitatu vinne, na zamani serikali ndiyo ilikuwa imevigongomea pale kwa kumpangia mtu kituo moja kwa moja. Sasa kila familia inanunua mbao zake. Mama aliuza ekari 2 kununua cheti, na cheti kilipatikana, tena kizuri. Hakukuwa na ekari ya kununua miaka ya kusubiri, na wala hakuna aliyetuambia kwamba itahitajika. Mimi niliyemshauri ndiye wa kwanza kutomwambia.

Fundi, na mfano wake unaopendwa mno

Kwenye vikao vya namna hii lazima atokee mtu aseme: mtazame mdogo wake asiyesoma. Na kweli mtu ungemtazama. Fundi alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012, ule ambao zaidi ya nusu ya watahiniwa waliambulia sifuri, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Yake yalipangwa upya yakabaki yalivyo. Akaingia kubeba zege, kisha kumsaidia fundi wa taili, kisha akawa fundi wa taili. Kuanzia 2017 Dodoma ilijenga usiku na mchana, na yeye kwa 6,000 kwa mita ya mraba kuna miezi alifunga milioni 1.5. Baadaye VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wakampima ujuzi wake na kumpa cheti, katika ule utaratibu wa kutambua waliojifunzia kazini. Ana nyumba Nzuguni. Ana pikipiki mbili zinazofanya kazi.

Kwa hiyo ufundi umeishinda digrii? Baba mdogo alishasema ndiyo, na angalau watu watano walitikisa kichwa kukubali.

Fundi mwenyewe hakutikisa. Alikunja suruali akatuonyesha magoti. Yamevimba, ngozi imekuwa ngumu kama ya kiganja. Ana miaka 30. Daktari amemwambia apunguze kupiga magoti, na kuweka taili bila kupiga magoti hakujagunduliwa bado. Akasema kazi za majengo makubwa zimepungua, mafundi wamekuwa wengi kwa sababu kila aliyesikia Dodoma kuna hela alikuja, na bei ya mita imegoma palepale wakati sembe imepanda. Kisha nikamuuliza watoto wake wanasoma wapi. Akaangalia chini akicheka. Inglishi midiamu, wote wawili, milioni 1.4 kwa mwaka kila mmoja. Nilimwacha baba mdogo aitafakari hiyo mwenyewe. Mtu akitaka kujua fundi anaamini nini kuhusu shule, asimsikilize kijiweni, atazame risiti zake za Januari.

Fundi alipanda kwa bidii na kwa bahati ya kuwa na miaka 22 mahali ambapo mji mkuu ulikuwa unashuka kutoka angani. Mwenzake mwenye mikono ile ile kule Mpwapwa hakupata mita hizo za mraba. Kama tunasema digrii ya Mwalimu iliangushwa na mwaka mbaya, tukubali na taili za Fundi zilibebwa na mwaka mzuri.

Mabishano yenyewe

Nilitarajia Mwalimu amtetee mdogo wake asome. Alikataa kiwanja kuuzwa. "Mimi ndiye shamba," alisema. "Nikipita kwenye zile nyumba za mageti naona ekari zetu, na najua zimekaa kichwani kwangu hapa zinajaza fomu za watu. Msimbebeshe mtoto kiwanja. Atasoma akiwa na deni la bodi na deni la ukoo."

Baba mdogo akarukia hapo. Naye hakutaka kiwanja kiuzwe, lakini kwa sababu yake: binti ataolewa, na mali itafuata huko. Mama, ambaye kwa saa nzima alikuwa anachambua mlenda kwenye ungo, akainua uso. "Ataolewa na nani, shemeji? Mbona unaijua harusi ambayo mimi sijaalikwa?" Kisha akasema jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa zito kuliko yote ya siku ile. Mkubwa alipewa ekari 2. Wa pili alipewa kiwanja cha kuanzia alipooa, akakiuza akajenga Nzuguni. Wa tatu amefaulu kuwazidi wote, na sasa ndipo ardhi imekuwa haiuziki? Ama zake ni akili tu, na ardhi ni ya wenye ndevu?

Nilieleza kwa kifupi kwamba sheria za ardhi za 1999 hazimtofautishi mwanamke katika kumiliki. Baba mdogo alijibu kwamba sheria inakaa Mtumba kule kwenye vioo, hapa ni nyumbani. Tulikuwa mita kama 3,000 kutoka kwenye vioo hivyo.

Kitinda alipoulizwa alisema anataka uuguzi, shahada ya miaka 4. Sababu yake ilikuwa fupi na ameifikiria: baada ya chuo kuna mwaka wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi, na watarajali hulipwa posho. Yaani kozi ile ina kipingili kimoja cha kusubiri ambacho mtu mwingine amekigongomea tayari. Hakutumia maneno hayo, hayo ni yangu. Alisema, "Kaka alimaliza akaanza kutafuta. Mimi nikimaliza naanza na kitu mkononi, hata kama ni kwa mwaka." Pia zipo hospitali za mashirika na za watu binafsi zinazochukua wauguzi. Foleni ipo huko pia, na haipungui, ila haijafika ilipo ya Historia na Kiswahili.

Niliwashauri, safari hii kwa tahadhari zaidi ya 2013. Waombe mkopo kwanza. Mama yumo kwenye orodha ya kaya za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na hilo bodi hulitazama inapopima uhitaji. Kiwanja kisiuzwe kwa ajili ya ada. Badala yake kijengwe. Watumishi wa Mtumba wanapanga mpaka Ihumwa na Nzuguni, chumba chenye choo ndani hakikosi 80,000. Vyumba viwili ni 160,000 kwa mwezi. Kwa miaka 4 ya chuo fedha hiyo inaziba pengo la mkopo, na baada ya chuo, hapa ndipo niliposisitiza mpaka nikachosha watu, isiguswe na mtu mwingine kwa miaka 2. Iwe nauli ya Kitinda ya kujitolea, chakula chake, viatu vyake vya usaili. Iwe sebule yake.

Mwalimu aliniuliza swali moja gumu: na yeye? Ana miaka 33, kusubiri kwake nani anakulipia? Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kibanda chake kimekuwa sebule bila yeye kujua, kwa kuwa ndicho kilichomlipia nauli ya usaili wa Januari, na kwamba kikomo cha umri wa kuomba ni 45. Alinitazama kama mwanafunzi anayejua mwalimu amekwepa swali. Alikuwa sahihi.

Walivyoafikiana

Hawakufuata ushauri wangu wote. Fundi alikubali kuchukua ujenzi, kazi yake bure na milioni 5 taslimu, kwa sharti kwamba vyumba viwe vitatu na kodi ya cha tatu iwe yake mpaka fedha yake irudi. Mama alitaka hati ya kiwanja hicho iandikwe jina la Kitinda. Baba mdogo alikataa, wakabishana mpaka adhuhuri, na mwishowe ikaandikwa jina la Mama, na kwenye muhtasari wa kikao ikaongezwa sentensi moja kwamba kodi ya vyumba viwili ni ya Kitinda mpaka mwaka 2031. Mimi niliandika sentensi hiyo. Baba mdogo alisaini akilalamika kwamba peni haina wino.

Jumatatu nilipita Ihumwa. Kitinda alikuwa kibandani na bahasha yake, cheti cha kuzaliwa kimeshahakikiwa. Mdhamini kwenye fomu ni Fundi, na fomu inataka picha yake. Alifika moja kwa moja kutoka kazini, nywele na nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi la gundi ya taili. Mwalimu alimtazama kupitia simu, akaishusha.

"Bwana mdogo, kanawe. Bodi watadhani mdhamini ni babu yake."

Fundi akaenda bombani, akachechemea kidogo kwenye ngazi mbili za kibanda, akarudi uso umelowa. Picha ikapigwa. Kisha akauliza ni shilingi ngapi.

"Elfu kumi," akasema Mwalimu, akaandika kwenye daftari.